Chumba cha gemu za zamani: kukipanga kionekane na kichezeke

Wengi huanza na rafu. Hujaza kaseti na maboksi mpaka juu, kisha hutafuta kona ya kubana TV, na mwisho hugundua kwamba soketi iko ukuta wa pili. Hapo wamejenga stoo nzuri: mgeni anatazama dakika mbili, anasifu, anatoka. Chumba kinachomfanya mtu akae ni kile chenye TV iliyowashwa na pedi iliyo tayari kushikwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kiti, unakwenda kwenye TV, umeme na mashine za gemu, na rafu za maonyesho zinakuja baada ya hayo yote.

Kiti, pedi na TV

Kipimo cha kwanza ni urefu wa waya wa pedi. Pedi nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina waya wa takriban mita 2, na sehemu ya urefu huo huliwa na safari ya kushuka kutoka kwenye mashine na kupanda hadi mapajani. Acha mita 1.5 kati ya goti na mashine, usizidishe. Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, inabana zaidi, kwa sababu pedi zake zimeungwa moja kwa moja ndani ya mashine na waya zake ni fupi mno. Mashine hiyo usiiweke chini ya TV. Iweke kwenye meza ndogo mbele ya kiti, na waya wa picha ndio usafiri mpaka kwenye TV. Waya za kurefusha pedi zinapatikana, lakini zikipita katikati ya sakafu kuna siku mtu atajikwaa, na kitakachoanguka ni mashine.

Katikati ya kioo cha TV pawe usawa wa macho ya aliyekaa. Kwa kiti cha kawaida ni sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. TV ya inchi 14 inafaa kutazamwa kwa mita 1, ya inchi 21 kwa mita 1.5, ya inchi 27 kwa mita 2. Hesabu hizi zinaendana na waya wa pedi vizuri, maana gemu hizi zilitengenezwa kwa watu waliokaa karibu na TV.

Kama nafasi ipo, weka TV moja ya chogo, yaani ile ya zamani yenye mgongo mnene. Picha za mashine za enzi hizo zilichorwa kwa mistari takriban 240, na kwenye kioo cha chogo mistari hiyo hulainika yenyewe. Kwenye TV bapa inakuwa vipande vya mraba. Sababu nyingine ni bunduki za gemu. Zapper ya NES (Famicom iliyouzwa nje ya Japani) na GunCon ya PlayStation hutegemea jinsi chogo linavyochora picha na muda wake halisi, hivyo kwenye TV bapa hazipigi chochote. Bunduki iliyotundikwa ukutani na haifanyi kazi ni hasara ya kitu kizuri.

Chogo lina masharti yake. TV ya inchi 27 inaweza kuzidi kilo 40, na uzito wake karibu wote uko upande wa kioo. Ibebeni watu wawili, kioo kikielekea kifuani. Meza iwe ya mbao nene au fremu ya chuma. Meza za mbao za kushindiliwa zilizotengenezwa kwa ajili ya TV bapa hupinda katikati baada ya miezi kadhaa. Spika zisizo na kinga ya sumaku ziwe mbali nusu mita au zaidi, vinginevyo pembe za picha zitapata madoa ya kijani au zambarau. Na kifuniko cha nyuma usikifungue: ndani kuna zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki kwenye kioo hata plagi ikiwa imechomolewa. Kazi ya ndani mpe fundi wa TV aliyezoea chogo.

Ukilazimika kutumia TV bapa, kosa la kawaida ni kununua kisanduku cha bei rahisi cha kugeuza waya za manjano, nyeupe na nyekundu kuwa HDMI. Vingi vya visanduku hivyo husoma picha ya mistari 240 kana kwamba ni ya mistari 480 inayopishana. Picha huwa na ukungu, pedi inachelewa kujibu, na vitu vinavyomemeta kwenye gemu, kwa mfano kivuli cha mhusika, hutoweka kabisa. Tafuta kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya gemu za zamani, kama OSSC au RetroTINK. Kisha kwenye TV yenyewe washa hali ya gemu, na weka umbo la picha 4:3. Picha iliyovutwa kujaza kioo kipana ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtu anayezijua gemu hizi atakiona akiingia.

Waya nazo zina daraja. Waya wa antena ndio duni kuliko zote, wa manjano ni afadhali, S-Video ni bora, na RGB, unaopeleka nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake kupitia plagi pana ya SCART, ndio unaotoa picha safi zaidi kwa mashine zinazoukubali. Ukisikia mngurumo kwenye spika unaobadilika kila picha inapobadilika, waya wako wa RGB hauna kinga ndani yake. Badilisha waya kabla ya kuilaumu mashine.

Umeme: hapa ndipo mashine nyingi hufia

Adapta zinafanana kwa sura na zinatofautiana kwa tabia. Usiamini kwamba plagi ikiingia basi ni sahihi. Kabla ya kuchomeka soma mambo manne kwenye lebo: volti zinazoingia, volti zinazotoka, kama unaotoka ni AC (umeme wa kupishana) au DC (umeme wa mwelekeo mmoja), na kama ni DC, katikati ya plagi ni chanya au hasi.

Mifano miwili inatosha kuonyesha hatari. Adapta ya NES hutoa volti 9 za AC, wakati Famicom na Super Famicom (Super NES ya Japani) zinataka volti 10 za DC, katikati hasi. Plagi zinaingiliana bila shida. Umeme ndio unaoua. Mega Drive ya kwanza ya Sega nayo inataka DC yenye katikati hasi, lakini Mega Drive 2 ina plagi ndogo zaidi na inataka katikati chanya. Mtu anayetumia adapta moja ya jumla yenye vichwa vya kubadilisha huichoma mojawapo siku akisahau kugeuza kichwa.

Upande wa ukutani, mashine za Japani ni za volti 100 na za Marekani ni za volti 120. Penye umeme wa volti 220 hadi 240 tumia transfoma ya kushusha, yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye mashine. Kwa mashine yenye adapta ya nje kuna njia nyepesi zaidi: nunua adapta mpya ya volti 100 hadi 240 inayotoa umeme uleule, aina ileile na ampea zilezile au zaidi. Ampea zikizidi si tatizo, kwani mashine huchukua inachohitaji tu. Volti zikizidi ni tatizo.

Kumbuka pia kasi ya picha. Mashine za Japani na Marekani hutoa picha 60 kwa sekunde, za Ulaya 50. TV isiyokubali picha 60 itayumba au itaonyesha nyeusi na nyeupe, na mashine itaonekana mbovu ilhali ni nzima.

Andika jina la mashine kwenye kila adapta, na kwenye ncha zote mbili za kila waya. Tumia karatasi yenye gundi, kisha ifunike kwa selotepu angavu ili wino usifutike. Kazi hii ni ya saa moja na inaokoa mashine.

Uzito wa matumizi ya umeme ni mdogo: NES, Super NES au Nintendo 64 kila moja ina wati 20 hivi au pungufu. Kinachosumbua ni wingi wa adapta. Ni nene, zinafunika tundu la jirani, na zina joto hata mashine ikiwa imezimwa. Chagua ekstensheni yenye nafasi pana kati ya matundu na swichi kwa kila tundu, ifunge ukutani kwa skrubu badala ya kuilaza sakafuni ikikusanya vumbi, na usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni. Mwisho wa siku zima swichi zote. Waya za umeme zipitie upande mmoja wa rafu na za picha upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba.

Mashine zikae vipi

Usizipandanishe. Mashine ya chini hukosa hewa, na ya juu huacha alama za miguu ya mpira kwenye plastiki, alama ambazo hazitoki. Acha sentimita 10 nyuma na pembeni kwa ajili ya hewa na waya.

Juu panahitaji kipimo cha pekee. Super NES, Mega Drive na Nintendo 64 hupokea kaseti kutoka juu. PlayStation ya kwanza hufunguka mfuniko kwenda juu. Zote zinataka sentimita 25 za uwazi juu yake, au rafu inayovutwa mbele kama droo. NES ya mlango wa mbele ndiyo pekee kati ya hizo inayokubali rafu fupi. Watu wengi hutengeneza rafu zote kwa urefu mmoja kwa sababu zinapendeza, kisha kila wakicheza wanalazimika kuitoa mashine nje. Baada ya mwezi hawachezi tena.

Rafu na mpangilio

Ubao wa sentimita 80 wa mbao za kushindiliwa, unene wa milimita 16, utapinda ukijaa. Punguza upana uwe 60, au tumia plaiwudi ya milimita 18. Kila kabati refu lifungwe ukutani kwa kona za chuma, hasa kama kuna watoto. Majarida na vitabu vya mwongozo ndivyo vizito kuliko vyote, kwa hiyo vikae chini.

Vipimo hivi vinasaidia kukata mbao. Boksi la aina ya DVD, linalotumika kwa PlayStation 2, GameCube na Xbox, lina urefu wa milimita 190, kina cha 135 na unene wa 14: rafu ya sentimita 60 inabeba 40 na kubakiza nafasi ya kidole. Boksi la CD la PlayStation ni milimita 125 kwa 142, unene wa 10. Kaseti ya NES ina urefu wa milimita 133, hivyo rafu yake iwe na uwazi wa sentimita 16. Kaseti ya Game Boy ni milimita 65 tu. Kwenye rafu ya kawaida inapotea, kwa hiyo itengenezee ngazi za mbao au akriliki ili safu ya nyuma ionekane juu ya ya mbele.

Kina cha rafu kisizidi sana kina cha boksi. Sentimita 17 hadi 20 zinatosha kwa maboksi. Rafu yenye kina cha sentimita 40 hukushawishi kuweka safu mbili, na safu ya nyuma huisahau. Ukiwa nayo tayari, weka kipande cha mbao nyuma kisukume maboksi yote mpaka ukingo wa mbele. Mstari mmoja ulionyooka wa migongo ya maboksi hubadilisha sura ya chumba kuliko mapambo yoyote ya kununua.

Panga kwa mashine kwanza, kisha kwa alfabeti ndani ya kila mashine. Kupanga kwa rangi kunapendeza kwenye picha, ila hutaipata gemu unayoitafuta. Katika kila rafu geuza boksi moja uso wake uelekee mbele, lile lenye mchoro unaoupenda kweli. Moja, usizidishe. Na acha sehemu ya tano ya kila rafu ikiwa tupu: mkusanyiko utakua, na macho yanahitaji mahali pa kupumzika. Vitu vya kujivunia viwe kati ya sentimita 120 na 160 kutoka sakafuni, ambapo mtu aliyesimama hutazama bila kuinama.

Maboksi ya karatasi ya NES, Super NES na Nintendo 64 yavalishwe vifuniko angavu vya plastiki ya PET vya milimita 0.3 hadi 0.5. Epuka plastiki laini ya PVC. Baada ya miaka hutoa mafuta yanayonata na kuvuta wino wa boksi.

Mwanga

Jua ndilo adui mkubwa wa chumba hiki. Wino mwekundu na wa njano hufifia kwanza, na boksi hubaki la buluu iliyopauka. Hakuna dawa ya kulirudisha. Rafu zisiwe ukuta unaotazamana na dirisha. Karatasi ya kuzuia UV, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, kwenye kioo cha dirisha husaidia kwa kiasi, lakini mwanga wa kawaida nao hufifisha, kwa hiyo pazia zito ndilo kinga halisi.

LED hazitoi UV ya kutisha na hazina joto jingi, ndiyo maana zinafaa. Kosa lililoenea ni kubandika mkanda wa LED nyuma ya vitu: boksi linageuka kivuli cheusi chenye ukingo unaong'aa. Bandika chini ya ukingo wa mbele wa rafu ya juu, mwanga ukielekea nyuma na chini. Tumia reli ya alumini yenye kifuniko cheupe, la sivyo kila nukta ya LED itaonekana kwenye vifuniko angavu kama mstari wa vitone.

Mkanda mkali hauhitajiki. Wa volti 12 unaotumia wati 4.8 kwa mita unatosha kabisa kwa rafu. Mita 5 ni wati 24. Ongeza robo, ununue adapta ya wati 30, yaani ampea 2.5. Mkanda ukizidi mita 5, mwisho wake utafifia kwa sababu volti hupungua njiani, hivyo peleka umeme kwenye ncha zote mbili au tumia mkanda wa volti 24. Chagua mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3000 hadi 4000 wenye kiwango cha uhalisia wa rangi cha 90 au zaidi. Mikanda ya rangi zinazobadilika ipendeze ukutani nyuma ya TV. Kwenye maboksi hugeuza michoro yote kuwa zambarau.

Kabla kitu hakijapanda rafuni

Safisha miguu ya shaba ya kaseti kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kijiti cha pamba. Sugua kwa kufuata urefu wa miguu, badilisha pamba mpaka itoke nyeupe, acha ikauke dakika tano. Kupuliza kwa mdomo ni desturi ya wote, na ni mbaya: unyevu wa pumzi ndio unaoleta kutu. Kinachosaidia kwa kweli ukipuliza ni kule kuitoa na kuirudisha kaseti. Msasa usiuguse kabisa, unakwangua mipako ya juu.

Toa betri kwenye Game Boy, Game Gear na pedi zisizo na waya kabla ya kuziweka kwenye maonyesho. Betri zilizovuja zimeharibu mashine za mkononi nyingi. Ndani ya kaseti zinazohifadhi mchezo kuna betri ya sarafu, mara nyingi CR2032. Kwenye Game Boy mara nyingi ni ndogo zaidi. Ikiisha, gemu inacheza ila haihifadhi. Kuibadilisha kunahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, pasi ya kuchomea risasi, na betri yenye vibati vilivyokwisha kuunganishwa. Usichome risasi kwenye betri yenyewe, inaweza kupasuka. Na ujue kwamba ukitoa betri ya zamani, kilichohifadhiwa kinafutika.

Xbox ya kwanza ina kapasita ya saa inayovuja kwenye ubao. Isipokuwa toleo la 1.6, itoe hata kama mashine inafanya kazi leo.

Plastiki iliyogeuka njano ni ile ya aina ya ABS iliyoathiriwa na mwanga, joto na umri. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 12 chini ya jua au taa ya UV huirudisha kwenye rangi yake kwa saa chache. Fungua ganda kwanza, ondoa vyuma na lebo, na lizamishe lote kwenye chombo. Ukipaka krimu na kufunika kwa nailoni, mapovu huacha mabaka ambayo ni mabaya kuliko njano yenyewe. Vaa glavu na miwani. Njano inaweza kurudi baada ya miaka, kwa hiyo kama imeenea sawasawa, ni bora kuiacha.

Unyevu wa chumba uwe asilimia 40 hadi 50. Ukipita 60 kwa muda mrefu, maboksi ya karatasi huota kuvu. Kipimo kidogo cha unyevu kikae ndani ya kabati la kioo, kwa kuwa hali ya humo mara nyingi si ile ya chumbani, na mifuko ya silika ikaushwe au ibadilishwe inapolowa.

Kupiga picha chumba

Picha ya TV ya chogo ikiwashwa ndiyo inayowashinda wengi: huonekana bendi nyeusi. Kioo huchorwa mara 60 au 50 kwa sekunde, na kamera ikikata katikati ya mchoro, sehemu hukosekana. Fanya hivi:

1. Zima taa ya dari na funga pazia, acha taa za rafu tu.
2. Weka simu au kamera kwenye stendi ya miguu mitatu (tripodi), lenzi ikiwa usawa wa katikati ya TV.
3. Kwa mkono, weka muda wa kufungua lenzi kuwa 1/30 ya sekunde kwa mashine ya picha 60, au 1/25 kwa ya picha 50. Kwa video tumia 1/60 au 1/50.
4. Shusha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) mpaka maandishi kwenye TV yasomeke. Rafu zikiwa giza, ongeza mwanga wa rafu, usiguse kamera.
5. Funga usawa wa rangi nyeupe kwenye kelvini za taa zako, vinginevyo kila picha itakuwa na rangi yake.

Kwa rafu, rudi nyuma na utumie lenzi ya kawaida. Lenzi pana ya simu huvuta maboksi ya pembeni yakawa marefu na kupinda mbao. Mbele ya kabati la kioo simama pembeni kidogo na vaa nguo nyeusi, ili usijione katikati ya mkusanyiko.

Kabla ya kutuma picha, futa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, na hakikisha dirisha, barua au namba ya mashine havionekani. Namba hizo ziandike kwenye daftari lako pamoja na picha ya kila mashine, sehemu ya chini ikionekana, na nakala yake ikae nje ya nyumba.